Unga wa Mwani na Tundu la Ngazi

3 Februari

Mwana wa ndugu yangu,

Zege tiririka ni zege linaloingia katika kila pembe ya umbo lake kwa uzito wake tu, likapita katikati ya nondo bila kusukumwa wala kutetemeshwa, na likafika mwisho wa safari likiwa na kokoto zake, mchanga wake na maji yake kwa uwiano uleule liliotoka nao kwenye mashine. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Uji nao hutiririka. Hakuna aliyewahi kupanda ngazi ya uji.

Nimetanguliza fasili mbele ya salamu, na najua mama yako atasema elimu imenila adabu. Lakini barua yako ilitumia neno hilo kila aya, na kila aya kwa maana tofauti, nami siwezi kumsalimu mtu huku sijui tunazungumza nini. Sasa: hamjambo? Mimi sijambo. Goti la kushoto hulalamika ninapopanda ghorofani; la kulia limenyamaza, kwa hiyo nimeacha kuliamini. Maabara tumeletewa mkuu mpya anayebisha hodi akiwa amekwisha kuketi. Msalimie wifi yangu, msalimie bibi wa jirani mwenye jino bovu, msalimie na yule paka. Kama yuko mtu mwingine hapo nyumbani, sina habari zake na sijaziuliza.

Nije kwenye jambo lenyewe. Umeniandikia kwamba umekabidhiwa kundi la mafundi kwa kazi moja, ngazi ya kujipinda katika maktaba, na kwamba aliyekukabidhi (namfahamu, tumenyonya ziwa moja) ameweka sharti: siku ngazi itakapofunuliwa, likionekana tundu hata moja, kundi linarudi mikononi mwake, nawe unarudi kumshikia kamba ya kupimia. Ni sharti kali, lakini nalisifu kwa jambo moja. Linaweza kupimwa. Masharti mengi ya ukoo wetu hayapimiki.

Tatizo lako limeelezwa vizuri kuliko neno ulilolitumia. Nondo zimesongamana hata kidole hakipiti, kwa hiyo mashine ya kutetemesha zege haina pa kuingilia. Ukatia ile dawa ya maji ya dukani inayolainisha zege, nalo likalainika mno: kokoto zikazama, maji yakaelea. Usiilaumu dawa. Iliahidi kulainisha, ikalainisha. Unachokosa ni kitu cha kuyafanya maji yawe mazito kidogo, kiasi cha kuzibeba kokoto zisizame, bila kuzuia mwendo. Hapa maabara tunatumia unga unaotolewa katika mwani, mmea wa baharini, na kwa miaka yote niliyoupima haujanidanganya, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu wakuu wa maabara.

Naituma mitungi miwili. Wenye karatasi nyekundu una unga wa mwani mwekundu. Huo ndio wako. Wenye karatasi ya kahawia una unga wa mwani wa kahawia. Huo ni wa kulinganisha tu, usiukutanishe na saruji kabla ya kuniandikia. Aina zote mbili ni nyeupe na hazina harufu. Karatasi ndizo zinazozitofautisha, basi.

Usinipigie simu. Simu haina pambizo.

Shangazi yako


26 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Bibi wa jirani amekwisha kung'olewa jino, na sasa analalamikia pengo. Yule paka uliyemsalimia amezaa, kwa hiyo salamu zako imebidi zigawanywe. Mama anakusalimu sana na anasema, kweli, elimu imekula adabu.

Yule ambaye hukumuuliza naye hajambo, ingawa hakunituma niseme. Barua yako niliisoma kwa sauti pale sebuleni, kama Mama anavyopenda, na Baba akapita kutafuta koleo lake. Alilitafuta tangu "hamjambo" hadi "shangazi yako". Koleo alikuwa nalo mkononi.

Sasa Shangazi, kabla hujaendelea kusoma, kaa.

Unamjua Mama. Jikoni kwake hakuna kitu kinachokaa katika chombo kilichokuja nacho. Nilipokuwa kazini aliifungua mitungi yako, akamimina kila unga katika kopo lake la bluu, na makopo yake ya bluu yanafanana kama mapacha. Mitungi akaiosha kwa maji ya moto, karatasi zikaenda na maji. Nilirudi nikaikuta imepangwa dirishani inang'aa.

"Mama, kopo lipi ni la mtungi upi?"

"La kushoto lilikuwa la kushoto."

"Kushoto kwa nani?"

"Kwangu, nikiwa nimesimama."

"Umesimama wapi, Mama?"

"Ebo! Umekuwa askari sasa? Nimekuoshea vyombo, hata asante sijapata."

Nikabahatisha. Najua neno hilo hulipendi, lakini ndilo la kweli. Nilichukua kopo moja, nikakoroga unga wake katika maji ya jaribio, na nikakwambia moyoni, Shangazi, Mungu akuweke: maji yalikuwa mazito na laini kama ute wa yai. Nikamwaga saruji. Papo hapo kila kitu kikakatika vidonge, vidonge, vidonge, vyeupe na vya kijivu, vikiteleza kama mayai ya chura. Mashine ya mkono ya kukorogea ndani ya ndoo ikakohoa ikasimama.

Fundi wetu wa mbao, yule tunayemwita Msumari, akachungulia ndani. "Mkandarasi," akasema, "hiki tutakimimina au tutakiatamia?"

Walicheka hadi mmoja akalazimika kushika ukuta. Ningecheka nami kama Baba asingekuwa pale getini, "akipita". Yeye hakucheka. Alikuja, akaokota kidonge kimoja, akakiminya, akakinusa, akakitia mfukoni. Kisha akaondoka akipiga mbinja. Shangazi, Baba hapigi mbinja. Anapiga mbinja akiwa na hakika tu.

Ngazi yenyewe haijaguswa. Nilikuwa najaribu katika ndoo. Lakini tangu siku ile nikimwagiza fundi jambo, kwanza anatazama getini, halafu ndipo anafanya. Hilo ndilo linaloniumiza. Niambie nimekosea wapi, na kwa upole kama unao wa kutosha.

Mwanao


14 Machi

Mwana wa ndugu yangu,

Marahaba. Hongera kwa paka. Pole kwa bibi. Mwambie pengo halitoboki, atalizoea. Hapa mkuu wetu mpya ameagiza kila mlango uandikwe kilichomo ndani yake, na juu ya mlango wangu wameandika "Saruji". Sijalalamika. Ni karibu na ukweli.

Hukukosea, ulibahatisha, nalo ni jambo la ngazi ya chini zaidi. Aliyekosea kwanza ni aliyeosha, na aliyekosea kabla yake ni mimi, niliyetegemea karatasi katika nyumba ambayo wifi yangu anaitawala kwa sabuni. Mfikishie kwamba usafi ni sifa njema, ila jina la kitu ni sehemu ya kitu, si taka iliyogandia juu yake.

Kilichotokea kina maelezo mafupi. Ute wa mwani wa kahawia ukikutana na chokaa iliyomo katika saruji hushikana nayo mara moja na kuwa vidonge. Ute wa mwani mwekundu hauna tabia hiyo. Kwa hiyo asili yenyewe imekupa karatasi ambayo mama yako hawezi kuiosha: loweka saruji kidogo katika maji, iache itulie, uyachukue yale maji maangavu ya juu. Kila unga uukoroge katika kikombe chake, kisha utie tone la maji hayo. Unaofanya vidonge ni wa kahawia. Huu ni uchunguzi wa jikoni na ungekuchukua muda mfupi kuliko mahojiano yako na mama.

Unga wa mwani mwekundu utie kwa uchache sana, ukipima kwa mizani ya dukani na si kwa kiganja. Kisha ulijaribu zege kwa ile koni ya bati: ijaze, iinue, utazame duara litakalotandaa. Usitazame upana wake tu, kama wafanyavyo watu wenye haraka. Tazama ukingo. Kokoto zikifika ukingoni pamoja na uji wake, na pasiwepo utepe wa maji matupu kuzunguka duara, hapo una zege tiririka kwa fasili niliyokupa.

Umetaja kwamba mtu fulani alitia kidonge mfukoni. Halinihusu. Lakini akipenda kujua, hakitaanguliwa.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Najua nimechelewa, na najua umekwisha kuuona uchelewaji wangu na kuupa sababu. Sababu yako huenda si sahihi, kwa hiyo ngoja nikupe yangu.

Kwanza habari za nyumbani. Watoto wa paka wamepata wenyewe, isipokuwa mmoja anayelala ndani ya kofia ya kazi ya Baba. Baba anasema hampendi. Siku hizi anakwenda kazini kichwa wazi. Mama amebandika karatasi juu ya kila kopo jikoni, hata la chumvi, hata lililo tupu, hilo ameliandika "Tupu, muulizeni shangazi yenu." Nadhani ni msamaha, au ni vita. Sijui.

Vikombe vilifanya kazi. Kopo la kushoto lilikuwa la kulia. Na koni, Shangazi! Tuliiinua mbele ya kundi zima, na zege likashuka bila haraka, likatandaa kama mkeka wa duara, kokoto zikaenda hadi ukingoni, na ukingo ulikuwa mkavu, hakuna utepe wa maji. Msumari alichuchumaa akalizunguka. Akasema, "Hili lina heshima." Kwa Msumari hiyo ni hotuba.

Nilitaka kukuandikia jioni ileile. Lakini Baba alikuwa getini, na safari hii aliingia kabisa, akasimama mbele ya mafundi wote. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya.

"Mwani unatoka wapi?" akauliza.

"Baharini, Baba."

"Bahari ina nini?"

"Chumvi."

"Chumvi inafanya nini nondo?"

Nikamgeukia Msumari. Msumari akanitazama, kisha akatazama viatu vyake.

"Inazila," akajibu mwenyewe. "Leo ngazi itapendeza. Watoto watapanda na vitabu vyao. Nondo ndani zinaliwa, na mchwa wa chuma hana kelele. Jibu unalo?"

"Nitamwuliza Shangazi."

"Mwulize," akasema. "Mwulize huyo aliyenirudishia barua yangu."

Basi ndipo Mama akanisimulia. Kwamba miaka ile ulipoondoka Baba alikuandikia barua ndefu, ya kwanza maishani mwake, akakueleza nyumba aliyokuwa akiijenga, nawe ukamrudishia barua hiyohiyo ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mama anasema ulisahihisha hata salamu. Tangu hapo hajaandika barua kwa mtu yeyote. Hata risiti anamwita Mama.

Nimekaa na jambo hilo wiki kadhaa nikitafuta namna ya kuliuliza, na sijaipata, kwa hiyo siliulizi. Naulizia chumvi. Mbao za umbo ziko tayari, nondo zimefungwa, mkuu wa maktaba anapita kila asubuhi akiuliza vitabu vihamie lini. Bila jibu simimini.

Mwanao


19 Mei

Mwana wa ndugu yangu,

Marahaba. Goti la kulia limevunja ukimya wake. Sitaki kulizungumzia.

Swali la chumvi ni swali zuri. Ndilo la kwanza nililouliza mimi mwenyewe nilipoletewa unga huu, na wenzangu wawili wenye shahada kubwa walikuwa hawajalifikiria. Mwani mbichi una chumvi, na anayetupa mwani mbichi katika zege lenye nondo anastahili kila alichoelezwa pale mbele ya mafundi. Unga huu si mwani mbichi. Umepikwa, umechujwa, umeoshwa na kukaushwa, na chumvi iliyosalia nimeipima mara kwa mara: kwa kiasi kidogo unachotia, ni haba kuliko ile ambayo tayari imo katika mchanga wenu. Vipimo naviambatanisha. Kwa kuwa ameuliza kuhusu mchanga bila kujua kwamba ameuliza, aoshe na mchanga wake.

Mwambie aliyeuliza kwamba katika swali lake sikuona la kusahihisha.

Kuhusu ile barua ya zamani: salamu ilikuwa na kosa.

Siku utakayomimina usinitajie. Nina kazi inayohitaji mikono iliyotulia.

Shangazi yako


23 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wazima wote. Kofia ya Baba sasa ni ya paka rasmi, amenunua nyingine.

Nilimsomea Baba barua yako. Uliposema hukuona la kusahihisha, aliniomba nirudie, eti hakusikia kwa sababu ya redio. Redio ilikuwa imezimwa. Kisha akasema, "Mimina." Mchanga tuliuosha, yeye mwenyewe akisimamia.

Tumemimina, Shangazi. Nitakusimulia kama ilivyokuwa, nawe uniambie mimi ni nani sasa.

Tuliafikiana kwamba Baba hatagusa. Unajua mkono wake: haoni mbao za umbo bila kuzigonga kwa nyundo ya mpira, haoni zege bichi bila kulichoma kwa kile kijiti chake cha mti mgumu, eti alisaidie kushuka. Nyundo alimkabidhi Msumari kwa hiari. Tulimwekea kiti barazani. Zege tukalitia kwa juu, nalo likaingia lenyewe, likapita kwenye nondo, likajipinda na ngazi, likatokea chini kabisa kama mgeni anayeijua nyumba. Hakuna mashine iliyonguruma, hakuna nyundo. Ukimya ule uliwatia mafundi wasiwasi. Msumari akaninong'oneza, "Mkandarasi, mbona kimya hivi? Tunajenga au tunaiba?"

Vipandio vya juu vilifunikwa na mbao. Kile cha chini kabisa, kipana, kilikuwa wazi, na zege likajisawazisha lenyewe kama maji ya beseni, hata mwiko hatukuupitisha. Kazi ilipokwisha tukatandaza magunia mabichi, tukaondoka kwa zamu. Baba alikuwa ameketi siku nzima. Isipokuwa alikuwa akisikia kiu. Alikunywa maji mengi sana siku ile, na ndoo ya maji ilikuwa karibu na kipandio cha chini.

Siku ya kuvua mbao alikuja hata mkuu wa maktaba. Msumari alizibandua taratibu kama anafungua zawadi. Shangazi, ilitoka laini! Ubavuni imeshika hata alama za nyuzi za mbao. Unaweza kusoma mti ulikuwa wa aina gani. Mafundi walianza kunipongeza. Mmoja akaliinua gunia la mwisho, pale pembeni nyuma ya nguzo, penye kivuli.

Tundu. Moja. La mviringo, safi, unene wa kidole gumba, limekwenda chini.

Watu walilitazama tundu, wakanitazama mimi, kisha kila mmoja akapata kitu kingine cha kutazama. Mimi nilitazama juu, nikaona dari. Nikasema moyoni, basi, nirudi kushika kamba. Baba alikuwa amekwisha kuondoka. Nikajua ameifuata timazi yake ya kupimia wima aanze kazi.

Alirudi na kijiti. Akapiga magoti mbele ya watu wote, akakitia katika tundu, kikaingia kama upanga katika ala yake.

"Hili ni langu," akasema.

 Nami nilikuwa karibu kumshika mkono nimwinue, lakini akabaki pale magotini, akainua kidole.

"Tundu ni langu. Lakini zege lenye afya hujifunga nyuma ya kijiti. Maji hujifunga. Uji hujifunga. Hili halikujifunga. Sasa, kasoro ni ya nani?"

"Baba, ulikichomeka wakati tunamimina, au baadaye?"

"Nilipoona inafaa."

"Kabla ya magunia?"

"Magunia niliyaona."

"Baba!"

"Mimi ni baba yako, si shahidi."

Msumari akakohoa akasema labda tulizibe tu, twende tukale. Baba akamwambia atakayelitia kitu tundu hilo kabla halijahukumiwa atakuwa amevuruga ushahidi. Kwa hiyo lipo wazi. Mkuu wa maktaba ameipenda ngazi na anasema tundu linafaa kusimamisha mwavuli.

Lakini kundi liko hewani. Tuna kazi nyingine imeanza, ukuta wa shule, na mimi sitoi amri kwa sababu tundu lipo, naye hatoi amri kwa sababu tundu ni lake. Msumari anajiamrisha mwenyewe kwa sauti kubwa na kujiitikia. Jambo moja tu tumeafikiana mimi na Baba: uamue wewe. Uamuzi wako ataufuata, na mimi pia, hata ukinirudisha kwenye kamba. Nakuomba usinionee huruma, maana hapo mafundi watajua.

Mwanao

Dada, shikamoo. Hapa chini naandika mwenyewe. Zege lako linatiririka. Nimeliona kwa macho. Goti unalifanyia nini?
Mdogo wako


30 Julai

Mwana wa ndugu yangu, na mwingine anayesoma huku anatafuta koleo,

Marahaba kwenu wote wawili. Nimechelewa kwa sababu nilikataa kuamua jambo nisilolijaribu. Seremala wetu alinichongea kijiti cha unene wa kidole gumba, cha mti mgumu, na mkuu wa maabara aliponikuta nimepiga magoti nikichoma zege katika beseni alibisha hodi kwa mara ya kwanza bila kuketi. Alibisha akiwa anatoka.

Haya ndiyo niliyoyaona. Zege la uwiano wenu, likiwa bado katika mwendo, hujifunga nyuma ya kijiti kabla mkono haujarudi. Halibaki hata kovu. Zege hilohilo likiachwa kimya, lisiguswe na mtu, hukakamaa mapema kwa sababu ya unga, ingawa halijaganda: ukilichoma sasa, tundu hubaki, ukilitikisa, hulegea tena na kujifunga. Hilo si ugonjwa. Ndiyo tabia inayozuia kokoto kuzama wakati mafundi wamekwenda kula. Nikazidisha unga makusudi, na hapo nikapata zege lisilojifunga hata wakati wa kumimina. Huo ndio ugonjwa, na kosa lake ni la aliyepima.

Kwa hiyo hoja ya aliyepiga magoti ni sahihi nusu. Ni kweli kwamba zege tiririka lenye afya hujifunga. Si kweli kwamba hufanya hivyo wakati wote. Ikiwa kijiti kilichomekwa wakati wa kumimina, unga ulizidi, kasoro ni yako, na sharti linakurudisha kwenye kamba. Ikiwa kilichomekwa baada ya zege kutulia, kasoro ni yake, na sharti halikugusi. Tundu lenyewe haliwezi kusema. Nimelifikiria kwa umbo, kina na ukingo, na matundu ya aina zote mbili yakishakauka hufanana kama makopo ya wifi yangu.

Anayejua ni mtu mmoja. Naandika jambo linalofuata kama uchunguzi, na si kama sifa kwa yeyote: mtu huyo angesema neno moja tu, "nilichomeka mnamimina," kundi lingekuwa lake siku ileile, na hakuna duniani ambaye angeweza kumpinga, hata mimi na beseni langu. Neno hilo hajalisema. Wala hajasema lile jingine, ambalo lingemfanya aonekane mbele ya mafundi wake kama mtu asiyeweza kukaa kitini. Ameacha mlango wazi pande zote mbili na kusimama katikati yake, mahali ambapo, kwa ninavyomfahamu, hukaa akiwa amekwisha kuamua.

Uamuzi wangu ni huu. Kasoro isiyo na mwenyewe haiwezi kumnyang'anya mtu kundi. Utaongoza ukuta wa shule, na utakaofuata, na usisubiri getini pakupe ruhusa. Mwambie Msumari aache kujiitikia. Uamuzi huu nimeufunga, na hakuna ushuhuda utakaoufungua. Nimeufunga kwa makusudi kabla ya kuuliza ninachotaka kuuliza sasa, ili kiulizwe kwa usafi, bila ngazi wala kundi kuning'inia juu yake.

Mdogo wangu. Goti nalifunga kitambaa cha moto, halisaidii. Nimefanya majaribio mengi kwa kijiti kile, nimejaza ukurasa baada ya ukurasa, na kila mstari una kila kitu isipokuwa kitu kimoja ambacho wewe tu unacho. Sikuulizi kama mwamuzi, na jibu lolote utakalolileta nitalipokea lilivyo.

Ulikichomeka lini?